Mikono Mia na Ishirini ya Kushoto

Makasi alikata mikono mia moja na ishirini ya makoti ya kazi, na yote ikawa ya kushoto. Yeye mwenyewe hakujua. Aliyejua wa kwanza alikuwa Redio, mshonaji wa cherehani iliyo karibu na mlango, mtu aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu asubuhi mpaka jioni hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alichukua mkono mmoja, akaupachika kwenye koti, ukakaa sawasawa. Akachukua wa pili. Akaugeuza huku, akaugeuza kule, akaurudisha ulivyokuwa, akanyamaza. Redio akinyamaza, karakana nzima hugeuka kutazama kuna msiba gani.

"Mzee," alisema, "hawa watu wa kiwanda cha sabuni, kila mmoja ana mikono mingapi ya kushoto?"

Watu walicheka. Makasi naye alicheka, akaja kuangalia, kicheko kikamkaukia mdomoni.

Kwa asiyejua kazi hii, kosa lenyewe ni hivi. Kitambaa cha makoti ya kazi kina uso na kinyume. Upande mmoja una mistari ya mshazari inayoonekana wazi, upande wa pili umefifia kama shati lililofuliwa miaka kumi. Mkataji hukitandaza mezani tabaka juu ya tabaka, na siku ile matabaka yalikuwa sitini, kwa makoti sitini. Juu yake huweka patani, yaani vile vipande vya karatasi ngumu vyenye umbo la koti, akavizungushia chaki, kisha akapitisha kisu cha umeme kinachokata matabaka yote kwa mkupuo mmoja. Matabaka yakiwa yote yametazama juu, patani ya mkono huchorwa mara mbili: kwanza ilivyo, halafu ikiwa imepinduliwa kifudifudi. Asiyeipindua hupata mikono miwili ya upande mmoja. Mwanagenzi hawezi kufanya kosa hilo, kwa sababu mwanagenzi haruhusiwi kugusa matabaka sitini. Ni kosa la fundi mkubwa, ambaye mikono yake inafanya kazi kwa mazoea huku akili imeshafika nyumbani na kuvua viatu.

Madamu, mwenye karakana, alitoka ofisini bila haraka. Alichukua mikono miwili, akaivaa juu ya blauzi yake, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wa kushoto ulimpendeza. Wa kulia ulimpinda bega akawa kama mtu aliyeteguka. Alisimama hivyo katikati ya karakana kwa muda, ili kila mtu aone, halafu akaivua na kumwita Makasi ofisini.

Hakumfokea. Alimweleza kwamba kitambaa cha rangi ile kimekwisha kwa muuzaji, jora jingine litafika baada ya wiki tatu, na watu wa kiwanda wamekubali kungoja, lakini kwa shingo upande. Kisha akakichukua kile kisu cha umeme, akakifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni.

"Wiki tatu utakata kola na mifuko kwa mkasi wa mkono," alisema. "Jora likija nitakupa nafasi moja. Ukikosea, kisu atakishika mtu mwingine, na wewe nitakutafutia vifungo."

Makasi alitoka na neno hilo la vifungo. Mle ndani vifungo walipewa watu waliokuwa wakisubiri kuzeeka vizuri. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya kusimama kwenye meza ile ile. Watoto wake walikuwa wakisema shuleni kwamba baba yao ni mkataji, si mshonaji, na wao walijua tofauti.

Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa mvivu wala mlevi. Angekuwa mlevi angesema ni pombe, akaacha pombe, kesi ikaisha. Yeye alikuwa mtu wa kazi. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akatoka bila kutia kitu tumboni kwa kuwa kifungua kinywa aliona ni mambo ya watoto wa shule. Alisimama mezani tangu saa moja na nusu mpaka jua linainama. Chakula cha mchana alikula amesimama, kijiko mkono huu, chaki mkono ule, na mara mbili aliwahi kuichovya chaki kwenye mchuzi. Maji hakunywa, kwa hesabu rahisi: choo kilikuwa chini, ngazi arobaini na mbili kwenda na arobaini na mbili kurudi, na anayekunywa hushuka. Jioni alikuta nyumbani vitambaa vya ndugu na jamaa, kila kimoja kimekuja na maneno "kidogo tu, kaka", akavikata juu ya meza ya chakula watoto wakiwa wamehamishwa na vitabu vyao. Kitandani alishika simu, akasikiliza watu wakibishana mpira mpaka simu ikamwangukia usoni. Akiulizwa kwa nini hapumziki, alijibu kwamba kiti ni cha wageni. Watu walimsifu kwa hilo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mtu mmoja tu mle karakanani alikaa bila aibu, naye alikuwa Bi Pasi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye kupiga pasi kila nguo iliyotoka mle ndani. Kila baada ya saa moja, iwe kuna kazi nyingi iwe hakuna, alisimamisha pasi yake kwa kisigino, akachomoa waya, akashuka zile ngazi arobaini na mbili. Chini alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanywa kikombe cha maji taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, akapanda polepole. Baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akafumba macho dakika kumi. Redio aliipa shughuli hiyo jina. Mtu akimtafuta, yeye hujibu, "Bi Pasi yuko kwenye chaji. Amefika asilimia sitini, msubiri."

Makasi hakuona kichekesho. Mwaka uliopita aliwahi hata kwenda kwa Madamu, akamwambia kwamba yule mama anaiba muda wa karakana, kikombe kwa kikombe. Madamu alimsikiliza, akamuuliza ni lini mara ya mwisho Bi Pasi kuunguza nguo. Makasi hakukumbuka hata nguo moja, akaondoka akiwa amekasirika zaidi.

Sasa, siku ya tatu ya kukata kola kwa mkasi, alikuwa amekaa juu ya mabaki ya vitambaa, kichwa kimeinama, Bi Pasi alipokuja na kigoda chake akakiweka mbele yake.

"Mdogo wangu, ile mikono ulikata saa ngapi?"

Alimjibu kwa mkato kwamba saa haihusiki, alikosea basi. Bi Pasi hakuondoka. Aliuliza tena kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Makasi akasema yapata saa tisa, saa tisa na nusu. Akaulizwa kosa la kabla ya hilo lilikuwa lini. Lilikuwa la mifuko ya suruali, miezi minne nyuma, na sasa alivyofikiri, nalo lilikuwa la alasiri. Na lile kovu la kidole gumba? Saa kumi, siku ya joto. Bi Pasi alimpa kipande cha karatasi ya patani, akamwambia aandike yote anayoyakumbuka, akarudi kwenye pasi yake.

Makasi aliandika makosa saba ya miaka miwili. Sita yalitokea baada ya saa nane mchana. La saba lilikuwa la asubuhi, siku moja baada ya kukesha akikata suti za harusi ya upande wa shemeji yake. Aliitazama ile orodha kwa muda mrefu. Alijiona kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kisogo chake.

Kesho yake alimfuata Bi Pasi dirishani, akasimama kando, hakujua aanzeje. Mama yule alikuwa amefumba macho, akayaacha hivyo hivyo. Alinyoosha mkono wake wa kulia na kupandisha mkono wa shati. Toka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko palikuwa na kovu pana, limeng'aa, lenye ncha mbele kama umbo la pasi yenyewe.

"Nilikuwa na umri kama wako," alisema. "Nililala nimesimama. Pasi haikulala."

Makasi alimpa pole ya miaka yote hiyo. Bi Pasi alishusha mkono wa shati, akamwambia kwamba tangu siku ile aliacha kungoja achoke ndipo apumzike, kwa sababu mchovu hajijui, kama vile anayenuka mdomo. Anapumzika saa ikifika, achoke asichoke. Halafu akafungua jicho moja.

"Na siku uliyokwenda kunisema kwa Madamu kwamba naiba muda, nilisikia. Ukuta wa ofisi ni ubao mtupu."

Makasi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alianza kutafuta maneno, Bi Pasi akamzuia kwa kiganja.

"Yaache hayo. Kesho njoo nawe uibe kidogo."

Wasidhani watu kwamba kupumzika ni kazi rahisi. Makasi alikuwa fundi mbaya sana wa kazi hiyo. Siku ya kwanza alikaa dirishani dakika kumi, akatazama saa mara kumi na moja. Siku ya pili alifumba macho, akalala kabisa, akakoroma mpaka Redio akasimamisha cherehani akidhani mkanda umekatika. Maji nayo yalimtia adabu. Mwili uliozoea kiu ulipopewa vikombe sita ulivikataa vyote kwa njia moja, akawa anashuka na kupanda zile ngazi mpaka magoti yakamlalamikia. Redio alimuuliza kama amepata kazi ya pili huko chini. Makasi alimwambia ashone.

Lakini alishikilia. Hakuwa mtu wa imani kubwa, alikuwa mtu wa kazi, na sasa hii aliifanya kuwa kazi. Asubuhi alianza kula, ingawa ni kipande cha mkate na chai, amekaa, mkewe akimtazama kana kwamba amekuja mgeni. Jioni alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chake, akatembea iliyobaki, mikono mitupu. Simu aliiweka juu ya kabati la jikoni ikalala huko. Usiku wa kwanza mkono wake uliitafuta simu gizani kama mtoto anayetafuta ziwa, mkewe akaupiga kofi ukatulia.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ndugu. Alimwambia mkewe kwamba hataki tena kukata vitambaa nyumbani, isipokuwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi yenyewe viwili tu. Mkewe alisema ni wazo zuri, na kwamba atawaambia wake za kaka zake Makasi, lakini yule shemeji wa zile suti za harusi amwambie yeye mwenyewe, maana yule ni ndugu yake wa tumbo moja na hataki kuitwa aliyeolewa akasahau kwao. Makasi aliahidi atamwambia. Hakumwambia. Kila alipomfikiria shemeji yule na vicheko vyake, alisogeza mpaka kesho.

Wiki ya pili hakuona tofauti. Wiki ya tatu aliona jambo dogo. Ilikuwa saa tisa alasiri, anakata kola, akagundua kwamba anasikia cherehani moja moja, ya Redio inavyogugumia, ya dada wa cherehani ya pili inavyokwenda kasi. Zamani saa hiyo alisikia mvumo mmoja tu, kama maji yameingia masikioni. Si kwamba alikuwa amerudi kijana. Mgongo ulikuwa ule ule. Ila alikuwepo.

Jora lilifika siku ya Alhamisi, saa nane na nusu mchana, limechelewa siku mbili. Lilipandishwa ngazi arobaini na mbili na wapagazi wawili wanaotukanana. Madamu alikata kamba mwenyewe. Kitambaa kilikuwa chenyewe, rangi ile ile, lakini muuzaji alileta kile tu kilichobaki. Kilitosha mikono sitini ya kulia, na ziada yake isingetosha kola ya mtoto. Watu wa kiwanda walikuwa wamekwisha kupiga simu mara mbili. Wangekuja kuchukua makoti Ijumaa saa kumi jioni, na wasipoyakuta, wasingekuja tena.

Madamu alifungua kabati, akakitoa kisu, akakiweka juu ya meza ya kukatia. "Haya fundi. Tandaza, chora, kata. Wakishona tangu jioni hii, kesho tutamaliza bila kukimbizana."

Makasi alianza kutandaza. Alikwenda mezani kwa urefu na kurudi, akilainisha kila tabaka kwa kiganja, uso juu, uso juu, uso juu. Ilimchukua saa moja na nusu. Joto la bati lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa vichwa. Alipofika tabaka la ishirini, la mwisho, jasho lilimwingia machoni, na alipochukua patani ya mkono na kuitazama, akajiuliza swali ambalo kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kujiuliza: hii ni ya kushoto au ya kulia? Aliipindua. Akaipindua tena. Jibu lilikuja, lakini lilichelewa kama mzee anayeitika kutoka chumba cha nyuma.

Aliiweka patani chini.

Redio, ambaye alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, alimwegemea na kumnong'oneza akiwa na nia njema kabisa. Amwambie Madamu kwamba kitambaa kimetoka kwenye jora kimevutika, kinahitaji kulala usiku mmoja kijirudi, la sivyo mikono itakuja kuwa mifupi. Vitambaa vingine vina tabia hiyo kweli, kila mkataji anajua, na hata Madamu anajua. Ulikuwa uongo mzuri, uliokatwa vizuri, wenye ukubwa wa kumtosha.

Makasi aliufikiria. Lakini kitambaa kile hakikuwa cha aina hiyo. Na akisema uongo leo, wiki ijayo saa tisa ikifika atatafuta mwingine, na siku atakayoukosa atakata. Alipiga moyo konde, akaenda mlangoni mwa ofisi.

"Madamu, kitambaa kiko tayari. Mimi siko tayari. Nitakata kesho asubuhi."

Madamu aliinua kichwa polepole. Alimuuliza kama anaumwa. Haumwi. Kama kuna msiba. Hakuna. Basi ni nini? Makasi akamwambia kwamba amechoka, kwamba amesimama tangu asubuhi, kwamba karibu makosa yake yote ya miaka miwili yalitokea saa kama hii, ana orodha akitaka kuiona, na kwamba kitambaa cha mikono sitini hakiruhusu kukosea hata mmoja. Aliyasema hayo akiwa amesimama wima. Cherehani za nje zilikuwa zimenyamaza zote, na ukuta ulikuwa ubao mtupu.

"Nina watu wanaokuja kesho saa kumi," Madamu alisema, "na wewe unaniambia umechoka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo niwaambie fundi wangu alikuwa na usingizi?"

"Nikikata leo nikakosea utawaambia nini?"

Madamu alichukua simu, akampigia mkataji wa karakana ya barabara ya pili, mbele ya Makasi, bila kushusha sauti. Mkataji yule alisema siku ile hawezi, ila kesho saa tatu asubuhi atakuwa amefika na kisu chake. Madamu alikata simu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba karakana itafunguliwa saa kumi na mbili. Saa tatu mgeni akiingia akute mikono sitini ya kulia imefungwa mafungu. Asipoikuta, atakata yeye, na ataendelea kukata.

Makasi alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chake kama desturi, lakini hakutembea kwa raha. Alijiuliza kama hajafanya upumbavu. Mtu mzima amepewa kisu mkononi akakirudisha mwenyewe. Alipofika nyumbani alimkuta shemeji yake sebuleni, amekaa kwenye kiti chake, na kitambaa cha kijivu kimekunjwa magotini. Kidogo tu, shemeji. Suruali moja tu, ya kikao cha Jumapili.

Mkewe alijifanya anatafuta kitu kabatini.

"Shemeji," Makasi alisema, "leo sikati. Kesho asubuhi nina kazi ambayo nikiikosea nakwenda kushona vifungo."

Shemeji alicheka, akasema suruali moja haijawahi kumuua mtu. Makasi akamwambia kwamba kweli haijaua, lakini anakaribia kuwa wa kwanza. Alete Jumamosi saa tatu. Shemeji alimtazama dada yake, dada yake akaendelea kutafuta kile ambacho hakikuwemo kabatini. Mwishowe shemeji alisimama, akasema siku hizi fundi amekuwa kama daktari, anaonwa kwa miadi, akakwapua kitambaa chake akaondoka. Hakula. Sahani zilipooshwa, mke wa Makasi akasema tu kwamba ndugu yake atanuna wiki mbili, anamjua, na wiki ya tatu atakuja na kitambaa. Makasi alilala kabla ya saa nne, na alilala kweli.

Saa kumi na mbili kamili Madamu alikuwa mlangoni na funguo, macho mekundu. Alionekana ndiye aliyekesha. Karakana ilikuwa na ubaridi na harufu ya mafuta ya cherehani. Makasi alikuwa amekula. Alichukua patani, akaitazama, akajua ni ya upande gani bila kuuliza. Aliichora. Akachora ya pili na ya tatu, mikono mitatu kwa kila tabaka, zote za kulia, akizipanga zibane nafasi, kwa kuwa kitambaa hakikuwa na shibiri ya kupoteza. Alimaliza saa moja na robo. Akakichukua kisu. Halafu akakirudisha.

"Nini tena?" Madamu aliuliza.

Alimwambia anakuja. Alishuka ngazi arobaini na mbili, akanywa kikombe cha maji, akanawa uso, akasimama nje kidogo akitazama mtu anavyofagia mbele ya duka, akapanda. Dakika nane. Alikagua mistari yote ya chaki kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa.

Hakulikuta. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Na hapo ndipo kupumzika kunapoudhi, kwamba hakukuonyeshi kumekusaidia nini. Kosa ukilifanya linaonekana, linavaliwa na Madamu katikati ya karakana. Kosa ambalo hukulifanya halina mahali pa kuonekana. Makasi aliwasha kisu, akakata.

Mkataji wa barabara ya pili alifika saa tatu na dakika tano, mtu mnene mwenye adabu, na kisu chake ndani ya mfuko wa ngozi. Alikuta mikono sitini ya kulia imefungwa mafungu sita, na Redio ameshapachika kumi na moja huku akisimulia. Mgeni alichukua mkono mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akamuuliza Makasi kwa heshima mikono hii ameibana vipi hata ziada ikawa ndogo hivi. Makasi akamwonyesha. Wakazungumza robo saa, kama wakataji wanavyozungumza, bila kumaliza sentensi. Madamu alimpa mgeni chai na nauli, akamshukuru kwa kusumbuka.

Makoti yaliondoka saa kumi jioni. Yalikuwa sitini, yote yana kushoto na kulia. Saa kumi na robo, Madamu alitoka ofisini na karatasi ya oda nyingine, suruali themanini za walinzi, akaiweka mezani mbele ya Makasi. Kisu kilikuwa bado pale pale. Hakukigusa, wala ufunguo wa kabati hakuutoa mfukoni.

"Kitambaa kinakuja Jumatatu mchana," alisema. "Wanazitaka Jumatano."

Makasi alisoma karatasi, akahesabu matabaka kichwani, akasema atatandaza Jumatatu alasiri.

"Na utakata?"

"Jumanne. Saa moja."

Madamu alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Alitazama meza, akawatazama washonaji waliokuwa wakijitia hamnazo, akatoa kalamu nyuma ya sikio, na pembeni ya ile oda akaandika: Jumanne, saa moja. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaandika chini yake: siyo saa moja na robo.